Kwenye Fomu Baba Alikuwa Ameshafariki

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama utaona vyema kunigombeza basi nigombeze tu, kwa sababu jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu mwezi wa saba na sasa limenifika shingoni, na mtu pekee ninayeweza kumwambia ndiye huyo huyo aliyeniambia ninyamaze.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, kwenye shule ya bweni ambayo watu wa kwetu huiona kwa nje tu wakipita barabarani, maana nasomeshwa na shirika linalofadhili watoto waliofiwa na baba. Darasani kwetu wa namna hiyo tuko sita, wote wasichana, na wenzetu hutuita "wa shirika", wengine kwa utani na wengine kwa kusudi la kuumiza, kwa sababu masanduku yetu yalikuja yanafanana na sare zetu zilishonwa na fundi aliyempima mmoja wetu akatushonea wote, kwa hiyo mwaka wa kwanza mzima mimi nilitembea nimeshika sketi kwa mkono mmoja. Lakini shida yangu si sketi. Shida yangu ni kwamba shirika liliponichukua, mimi baba nilikuwa naye.

Baba alikuwa mchora mabango. Maduka yote ya mtaani kwetu aliyaandika yeye, kinyozi, duka la dawa, muuza mbao, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata watu walimletea kadi za harusi awaandikie majina ya wageni. Nilipomaliza shule ya msingi na kufaulu, tulikwenda mimi na yeye kwa karani wa mtaa kuchukua fomu ya shirika, karani akamwangalia baba kuanzia viatuni hadi kichwani, akacheka, akasema, "Mzee, hii ni ya wafiwa. Wewe mbona unapumua?" Baba akauliza kama hakuna nyingine, karani akasema, "Nyingine hakuna, ila wenzako wanajaza tu. Nani atakuja kukupima mapigo ya moyo? Andika marehemu, mimi nagonga muhuri." Nilidhani baba atachafuka, kwa sababu baba alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini alitoka akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, akaweka fomu juu ya goti, na pale palipoandikwa jina la baba akaandika Marehemu, kisha jina lake, kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona akiandika, halafu akapuliza wino ukauke. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Ukishafika kule shuleni, mimi ni mjomba wako." Nikamuuliza mbona asiwe baba mdogo, akasema, "Hapana. Ukisema baba mdogo, siku moja utasahau kumalizia."

Basi miaka yote hii, kila siku ya wazazi, alikuja kama mjomba. Alisaini daftari la wageni getini, kwenye uhusiano akaandika mjomba, na alizidisha maigizo hayo mpaka nikawa naogopa tutashikwa, kwa mfano alipenda kuniuliza kwa sauti mbele ya watu, "Na dada yangu hajambo nyumbani?" yaani mama, na tukifika nyuma ya bwalo tunacheka hadi tunashika mbavu. Wenzangu walimpenda. Rafiki yangu tunayemwita Mapengo, ambaye ni yatima kweli kweli, baba yake alifariki kabla hajajua kutembea, alikuwa akisema, "Ningekuwa na mjomba kama huyu nisingemlilia baba." Mwaka wa tatu mimi nikaacha kucheka. Likizo moja walikuja wageni nyumbani, nikamletea baba maji ya kunawa nikamwambia, "Karibu, mjomba." Wageni wakacheka, na yeye akacheka, halafu akatoka nje kuchanganya rangi na hakurudi hadi wageni walipoaga.

Mwezi wa saba, siku ya Jumanne, baba alianguka kutoka kwenye ngazi akiandika ukuta wa juu wa duka la vifaa vya ujenzi, akafia hospitalini siku ile ile. Tulikuwa kwenye mtihani wa majaribio. Jumatano asubuhi mama akampigia simu matroni, na mama anasema alishika simu akakumbuka kwamba shuleni mumewe alishakufa zamani, sasa amfishe nani tena, ndipo akasema, "Ni kaka yangu. Mjomba wake." Matroni akanitoa kwenye foleni ya kuingia chumba cha mtihani, akaniingiza ofisini kwake, akanishika bega, akasema, "Pole mwanangu, mjomba wako ametangulia. Ni yule mcheshi?" Nikasema ndiye. Nikaomba ruhusa ya kwenda kuzika. Akaniambia, kwa huruma kabisa sisemi uongo, kwamba ruhusa hutolewa kwa msiba wa mzazi au mlezi, na mlezi kwenye faili ni mama, mjomba hayumo, tena ni wiki ya mtihani, na hata marehemu mwenyewe angefurahi nikiufanya. Mshauri, nakuapia nilifungua mdomo niseme ni baba. Nyuma yake kulikuwa na kabati la mafaili, liko wazi, na faili langu nalijua rangi yake. Nikaufunga mdomo. Akanipa vidonge viwili vya kichwa na glasi ya maji, nikarudi kwenye foleni. Baba alizikwa saa tisa alasiri siku hiyo hiyo, na saa tisa alasiri mimi nilikuwa najibu swali la kutengeneza chumvi kwa kuchanganya tindikali. Mtihani ule nilipata alama za juu kuliko yeyote.

Sasa sikia lililokuja baadaye. Mwezi wa tisa mratibu wa shirika alitugawia karatasi, kila mmoja wetu aandike jinsi miaka ya sekondari ilivyomwendea na anataka kusomea nini chuoni, na kulikuwa na sehemu inasema, eleza jinsi kumpoteza baba kulivyokujenga. Nafasi ya kusomeshwa chuo mwaka huu ni moja tu. Jumapili mchana tulikaa maktaba sote sita tukaandika, halafu tukasomeana. Mmoja anataka uhasibu, mmoja anataka upimaji ardhi kwa sababu anapenda zile buti, tulicheka sana. Mapengo aliandika nusu ukurasa. "Baba yangu simkumbuki. Sekondari nimejifunza kuamka mapema. Nataka kuwa muuguzi." Tukamtania kwamba hiyo si insha, ni tangazo la mwenyekiti wa kijiji. Na mimi pia nataka kuwa muuguzi, nimetaka tangu sijaingia sekondari, lakini nilipoanza kuandika hiyo sehemu ya baba kalamu haikusimama, ikafika kurasa tano, nikaandika vidole vyake visivyotakata rangi, nikaandika ngazi, nikaandika nilivyokosa kumzika, ila nikasema nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilikuwa mgonjwa. Nilipomaliza kusoma hakuna aliyekuwa anacheka. Mapengo alinikumbatia akaniambia, "Sikujua unamkumbuka hivi. Mimi ningekumbuka hata kikohozi chake tu ningeshukuru."

Mratibu naye alilia. Nafasi nimepewa mimi. Wa pili ni Mapengo, ambaye amenipongeza na kunisaidia kufua sare ya mahafali. Jumamosi baada ya wiki tatu natakiwa niisome ile insha jukwaani, na mama akae mstari wa mbele na wafadhili. Tena chuo kinataka nakala ya cheti cha kifo cha baba, na cheti tulichonacho kina tarehe ya mwaka huu. Karani yule yule amemwambia mama kwamba tarehe hurekebishwa, tumletee tu. Mama alipokuja kunitembelea nikamwambia mimi siwezi, nitasema ukweli, mama akaniangalia kwa namna sijawahi kuona, akasema, "Baba yako alikubali kufa kwenye karatasi ili wewe usome. Ukisema sasa, atakuwa amekufa bure." Nisome ile insha, au niseme na nipoteze chuo, na mama, na rafiki yangu, vyote kwa mpigo? Nisaidie, maana hata kumlilia baba naona aibu, wenzangu wanadhani nalia msiba wa zamani.

Ni mimi,
Mpwa

MSHAURI ANAJIBU

Binti, pole kwa kufiwa na baba yako. Nimeanza na hilo kwa sababu katika barua yako yote sijaona mtu aliyekupa hiyo pole. Ulipewa ya mjomba, ukapewa na vidonge. Pole sana, mwanangu, baba yako amefariki mwaka huu na una haki ya kumlilia leo, kesho na mwezi ujao, na asikuulize mtu mbona hunyamazi.

Nimeshakupa pole. Sasa tukae chini tuambiane, maana barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekunja uso.

Baba yako alikosea. Sisemi hivyo kumvunjia heshima aliyelala, naye alikosea kwa mapenzi, na mzazi aliyewahi kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mtu anajua alichokuwa anafikiri. Lakini fomu ile ilikuwa na nafasi, na nafasi ile ilikuwa ya mtoto mwingine ambaye hatumjui, yuko mahali fulani na baba yake amezikwa kweli. Umeandika kurasa na kurasa na yeye hukumtaja hata mara moja. Shirika linalomsubiri mtoto afiwe kwanza ndipo limwone kuwa ni maskini, nalo nina maneno nalo, ila silo lililoniandikia. Aliyeniandikia ni wewe.

Hata hivyo, hesabu ya fomu ile siiweki juu yako. Ulikuwa mtoto, uliambiwa na baba yako, na mtoto hamkatalii baba kwenye jambo kama hilo. Siku ya msiba pia sikulaumu, ulikuwa peke yako mbele ya matroni na baba hajapoa. Lakini sasa una miaka kumi na minane na kuna cheti mezani. Cheti hicho kikiguswa, kosa si la baba tena, ni lako, limeandikwa jina lako, na linaitwa kughushi. Utakwenda chuo kujifunza kuandika saa aliyokufa mgonjwa kwenye karatasi yake, na umeingia chuoni kwa kufuta saa aliyokufa baba yako? Karani akilitaja tena hilo neno lake la kurekebisha, mshike mama yako mkono muondoke, na cheti kibaki mkobani mwenu. Mtu huyo ameshamuua baba yako mara moja kwa muhuri, inatosha.

Mama yako anasema ukisema ukweli baba atakuwa amekufa bure. Sikiliza vizuri. Baba yako hakufa kwa ajili ya masomo yako. Baba yako alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini. Hayo ni mambo mawili, na mama yako ameyafunga pamoja kwa sababu ana uchungu, na kwa sababu ni yeye aliyeshika simu akasema kaka yangu, na anajua kwamba kwa maneno yale mawili mtoto hakumzika baba. Mama huyo anaumia kuliko wewe na hana hata mtu wa kumwandikia barua. Usibishane naye. Mwambie, "Mama, Jumatatu nakwenda kwa mratibu." Humwombi ruhusa, unamwarifu, lakini umwarifu umekaa karibu naye, si kwa simu na si kwa kupiga kelele. Na umwambie humlaumu kwa ile simu, hata kama kidogo bado unamlaumu.

Jumatatu, nimesema. Sikusema Jumamosi ya mahafali. Nawajua wasichana wa umri wako, tayari umeshaiona hiyo picha kichwani, umesimama jukwaani, umeichana insha mbele ya wafadhili, ukumbi mzima unalia. Usithubutu. Mama yako atakuwa amekaa mstari wa mbele, humwaibishi mjane mbele ya watu ili wewe upumue. Mambo haya husemwa ofisini, mlango umefungwa, ukiwa umekaa, na cheti halisi mkononi.

Lakini kabla ya Jumatatu una safari nyingine fupi zaidi nayo ni ngumu zaidi, ya kutoka kitandani kwako hadi kitandani kwa Mapengo. Huyo ndiye atakayekuchoma. Amekukumbatia kwa kitu ambacho yeye hana, akajiona mdogo kwa sababu hakumbuki hata kikohozi, kumbe wewe kikohozi ulikisikia juzi siku ya wazazi. Tena nafasi ile ni yake. Asilisikie kwa mratibu, alisikie kwako. Anaweza akakutukana, anaweza akakaa mwezi bila kusema nawe, anaweza asirudi kabisa. Usimfuate fuate kwa msamaha. Mwambie, kisha mwache.

Sasa unauliza, nitapoteza chuo? Ndiyo, nadhani utapoteza, angalau hicho na angalau mwaka huu. Sitakudanganya kwamba mratibu atasimama akupongeze kwa uaminifu. Huenda akakasirika, huenda shirika likadai maelezo ya miaka yote minne, huenda mkaitwa wewe na mama yako. Mtakwenda. Mtaeleza nani alisema nini na nani aligonga muhuri. Mwombe tu jambo moja, umalize mtihani wako wa mwisho hapo hapo shuleni, na huo mtihani uufanye kama ulivyoufanya ule, kwa kuwa kichwa hicho ni chako, hukupewa na fomu yoyote. Vyuo vya uuguzi vinachukua watu kila mwaka kwa alama. Ukikaa nyumbani mwaka mmoja, nenda zahanati ya jirani uombe hata kazi ya kufagia, wakuone, uwaone wanavyofanya kazi. Nimewajua wauguzi wazuri waliochelewa kuingia chuo. Kuchelewa hakumuui mtu.

Ile insha usiitupe. Ni kweli tupu isipokuwa mwaka na huo ugonjwa uliojisingizia. Siku ukiwa tayari, kaa uiandike upya, lakini usimpe mratibu wala mfadhili, hiyo si ya kuombea kitu. Mpe mama yako aisome.

Na mara tu mtihani ukiisha nenda kaburini. Usingoje kumbukumbu ya nani wala kibali cha nani. Nenda na mama, mkae chini, mlie wote wawili kwa sauti, maana yeye naye siku ile ya maziko, kwa jinsi ninavyomwona, alikuwa na sikio moja kwenye simu akiogopa shule isipige.

Basi vaa sare yako vizuri Jumatatu, nenda. Mratibu atashangaa, atachukua cheti, atavaa miwani, atakuuliza baba yako alifariki lini. Usianze na samahani, usianze na karani. Mtajie siku yenyewe.